Maziwa ya Kabla ya Kisu

3 Machi

Dada,

Nakusalimu. Mama naye anakusalimu, yuko kitandani amekaa, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia salamu tu. Kasema salamu gani hizo zinajaza karatasi nzima.

Usishangae naandika badala ya kungoja siku unapopanda kule juu kutafuta mtandao. Wewe unanijua, simu ikifika sikioni maneno yote yananikimbia, nabaki na "eeh, eeh." Halafu nyumba hii ukikohoa chumba hiki, cha pili wanakujibu pole. Mama anasikia kila kitu. Kwa hiyo barua hii nampa Breki, yule dereva wa lori, itafika huko kambini pamoja na mchele wenu na saruji.

Habari ni kwamba hospitali wamekubali. Kianzio ulichotuma wamekipokea, wametupa tarehe, ni kumi na saba mwezi huu. Daktari ni kijana, mpole. Alimchorea Mama tumbo kwenye karatasi, akamwonyesha watakapokata ili libaki dogo, asile sana. Mama akamwambia, "Mwanangu, hilo ulilochora ni la mtu mwingine. Langu tafuta karatasi kubwa." Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alipoirudisha hakucheka tena. Alisema moyo wa Mama umechoka kubeba unene wake, na kule kulala amekaa ni moyo unaomba msaada, na akiachwa hivi hivi yeye hataki kutudanganya. Alisema hayo ananitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Sasa kabla ya kisu kuna sharti. Wiki mbili Mama hatafuni kitu. Ni vya maji tu: maziwa ya unga ya palepale hospitali, supu iliyochujwa, maji, chai isiyo na sukari. Nesi alieleza kwamba mtu akiwa mnene sana ini nalo linanenepa, linalalia tumbo, daktari anakosa pa kupitisha vyombo. Likinyimwa linasinyaa. Unga wenyewe unauzwa dirishani kwa makopo. Ni ghali, dada, nimenunua moja tu la kuanzia. Kopo moja ni kama kiti cha kulia tunachouza pale karakana kwa Fundi, chenye mto na vanishi yake.

Leo ndiyo tumeanza. Asubuhi nilimpa kikombe. Akakitazama, akaniuliza, "Hii ni chai au ni kitafunio?" Nikasema ni vyote. Akasema basi aliyekibuni apewe nishani.

Mimi sipiki tena humu ndani. Nakula kazini nyuma ya mbao, nasukutua mdomo, ndiyo narudi. Lakini jirani wa upande wa dirisha anakaanga vitunguu kila jioni. Nilitaka kulifunga, Mama akanikataza. Kasema, "Mmeniambia nisitafune. Kunusa hamkusema."

Mimi mdogo wako,
Kimya


8 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Barua imefika, nimeisoma jikoni kwetu hapa kambini huku wanaume mia wanagonga sahani wanataka chakula. Nimecheka hilo la karatasi kubwa, halafu nikafika pale pa moyo, sikucheka.

Nisikilize vizuri. Breki anakuletea hela ya makopo, nimeifunga ndani ya soksi. Ni ile ile aliyokwambia nesi, isizidi isipungue. Usimpe mtu, usiseme nitaiweka kwanza. Nenda dirishani ukanunue.

Na jambo lingine usimwambie Mama. Nimeuza likizo yangu. Meneja amenilipa ili nibaki kazini mwezi ule ambao ningekuja nyumbani. Kianzio kimetoka huko. Kwa hiyo msinitegemee kuniona, wewe ndiye miguu yangu na macho yangu. Nimewauliza hospitali mwenyewe siku ile nilipopata mtandao: tarehe ikifika na Mama hayuko tayari, hela ya kitanda na ya chumba cha upasuaji hairudi. Imekwenda.

Sasa Mama namjua kuliko wewe. Wewe ulizaliwa yeye ameshachoka. Mimi nimeishi naye akiwa na nguvu. Yule mtu alikuwa anaficha sukari ndani ya cherehani, Baba anaitafuta mpaka chini ya kitanda, na yeye anamsaidia kutafuta! Atakuambia amekunywa, kumbe hakunywa. Atakuambia hakula, kumbe ana mkate chini ya mto. Na wewe ukiangaliwa kidogo tu unainamisha kichwa. Safari hii usiiname. Ukimwonea huruma, hiyo huruma ndiyo itakayomzika.

Nisalimie Mama. Mwambie nampenda lakini simwamini.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Soksi imefika juzi na vilivyomo. Asante. Breki anageuza leo hii, kwa hiyo naandika haraka kwenye gogo hapa karakana, na Fundi ananiangalia.

Kwanza Mama haibi. Nimeangalia chini ya mto, nimeangalia hata kwenye cherehani. Hakuna kitu. Anakunywa mbele yangu mpaka chini. Kitu alichofanya ni kumwomba jirani amwambie leo anakaanga nini, basi wakawa wanaongea dirishani, huyu anapika, huyu anauliza kama vitunguu vimeshakuwa vyekundu. Nikaona hilo siwezi kulikataza.

La pili ni la makopo. Nilipofika dirishani bei imepanda. Nesi yule hakuwepo, yuko mwingine, ana haraka. Hela ya kwenye soksi ikatoa makopo pungufu. Nilitaka kumuuliza itakuwaje. Nilikuwa nimeshapanga maneno tangu njiani. Lakini nyuma yangu kuna foleni, mzee mmoja akasema, "Kijana, umeoa hapo dirishani?" Watu wakacheka. Nikasema asante nikatoka.

Usiwe na wasiwasi, nimepata njia. Kwenye kopo kuna maandishi lakini si ya lugha yetu, kuna picha tu ya kijiko kimejaa na kikombe. Yule nesi wa kwanza alisema vijiko vitatu. Mimi sasa natia kimoja. Mama akiwa na njaa sana natia kimoja na nusu. Maji naongeza. Kwa hiyo makopo yatafika mpaka tarehe bila shida na wewe hutasumbuka tena. Halafu nikawaza, kama shida yenyewe ni ini limenenepa, na linatakiwa kunyimwa, basi maziwa yakiwa mepesi si ndiyo litasinyaa upesi? Naona ni kama kupiga msasa. Ukitaka mbao ipungue huipaki kitu.

Na kweli inafanya kazi. Uso umepungua. Pete ile iliyomkaza miaka yote imetoka yenyewe akiwa ananawa. Mama aliishika akaitazama, kasema, "Baba yenu angeona hii angeniposa upya." Akisimama anasema chumba kinazunguka, miguu inamtetemeka, nikamwambia vumilia Mama, huo ndio unene unatoka.

Breki anapiga honi.

Kimya


18 Machi

Dada,

Breki hajarudi, sijui kakwama wapi, kwa hiyo nampa huyu wa lori la mafuta. Samahani kwa mwandiko.

Mama hakupasuliwa.

Tulifika jana mapema, nimemvalisha lile gauni la kijani, sasa linampwaya. Alitoka kwenye gari mwenyewe. Kwenye mizani akasimama vizuri, nesi akaandika, akasema mama umejitahidi. Mama akageuka kunitazama, anacheka. Halafu akateremka, na mguu wa pili haukufika chini. Alianguka kwa upande wangu nikamdaka, lakini mimi na yeye unatujua, tulianguka wote.

Walimpima damu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Daktari kijana akaja na karatasi, uso wake sikuupenda. Alisema ini limepungua kweli, lakini na nguvu zimekwisha, mwili umeanza kula nyama yake wenyewe, na chumvi za kwenye damu zimeshuka mahali ambapo akimlaza usingizi wa dawa moyo unaweza usirudi. Alisema yeye hawezi kumkata mtu wa namna hii. Halafu akamwambia Mama, "Mama, maziwa tuliyokupa hukuyanywa. Ungekuwa umeyanywa damu yako isingekuwa hivi."

Mama akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, dada, nikinyoosha mkono namgusa daktari koti. Ulimi ukawa mzito kama gundi ya mbao.

Wamempa maji ya mshipani mpaka jioni, wakaturudisha. Hela ya kitanda na ya chumba wamesema ndiyo hivyo.

Dada, mimi nafikiri ni lile nililokueleza kwenye barua ya Breki. Sasa nangoja unijibu. Unaonaje?

Kimya


21 Machi

Kimya,

Hii barua si yako, ni ya Mama. Msomee yote. Usiruke neno hata moja, usilainishe.

Breki hajafika, wanasema lori limekatika ekseli ng'ambo ya mto. Barua yako aliyonayo sijaiona lakini nimeshajua kilichomo. Humo ndimo ulimoniambia Mama alivyokuwa anafanya na maziwa yake, ukaona aibu kulirudia kwenye hii. Basi usijali, daktari amelisema badala yako.

Mama, shikamoo.

Mimi naosha masufuria ambayo mtu anaweza kuingia akakaa ndani. Mikono yangu ukiishika sasa hutajua ni ya binti yako. Nilikuwa na mwezi mmoja tu wa kuja kukuona na nimeuuza. Nimeuuza ili upate kisu. Sikukuomba kitu kikubwa. Sikukuomba ufanye kazi, sikukuomba hela. Nilikuomba unywe maziwa wiki mbili. Mtoto mchanga anaweza.

Uliyamwaga wapi? Dirishani? Kwenye beseni? Au uliyaona hayana ladha? Ulikuwa unaogopa kisu, sawa, ungesema unaogopa. Ungesema mwanangu mimi siwezi, na mimi ningekasirika halafu ningeelewa. Lakini kukaa pale na mdogo wangu anakukorogea kila siku, anakula kazini amesimama ili usisikie harufu, na wewe unamzunguka! Huyo mtoto hajui hata kudanganya. Ulimchezea kama ulivyomchezea Baba.

Sina mwezi mwingine wa kuuza, Mama. Sijui sasa nifanye nini. Nimekaa hapa nakuandikia na sijui.

Binti yako


25 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi Mama yako ndiye ninayesema, Kimya anaandika. Nimemwambia aandike ninachosema tu.

Barua yako nimesomewa. Amesoma yote, alikuwa anasimama mahali fulani nikamwambia endelea. Umesema kweli. Ni mimi. Maziwa nilikuwa simalizi. Nilikuwa nakunywa kidogo, mengine namimina dirishani mtoto akigeuka.

(Si kweli.)

Nilikuwa naogopa kisu kama ulivyosema. Mtu mzima nikaona aibu kusema. Yalikuwa hayashuki, yananikaa kooni. Kimya hana kosa lolote. Alinikorogea vizuri, mazito, kama alivyoelekezwa.

(Nimemwambia Mama hili siandiki. Amesema andika. Nimeandika.)

Kwa hiyo kama ni kununa, ninunie mimi. Mimi nimezoea kununiwa na wewe, ulianza ukiwa na miaka mitatu kwa sababu ya kiatu. Mtoto usimguse.

Pole na mikono, mwanangu. Pakaa mafuta ukilala. Na ule mwezi wako, ungeniambia. Ningekwambia usiuuze, ungekuja tukakaa hapa dirishani, ningekuona.

(Ananiuliza mbona yeye amenyamaza na kalamu bado inatembea.)

Nimemaliza.

Mama yenu


2 Aprili

Mdogo wangu,

Breki amefika jana anachechemea yeye na lori lake. Akanipa barua yako ya tarehe kumi na moja, imelowa pembeni lakini inasomeka. Jioni ile ile dereva wa mafuta akanipa ya Mama. Nilianza na ya Mama. Nikasema moyoni, angalau amekiri. Halafu nikafungua ya kwako.

Nilisoma pale pa kijiko kimoja. Nikarudia. Nikasoma pale unaposema chumba kinamzunguka na wewe unamwambia avumilie. Nilikaa chini juu ya gunia la vitunguu, wakawa wananiita siitiki.

Kimya, sikulaumu. Nataka kukulaumu na siwezi, kwa sababu hela niliyotuma niliipima mpaka ya mwisho, sikuacha hata ya nauli ya mtu kurudi kuuliza. Na kwa sababu uliniambia. Uliniambia mapema, ulikuwa unafurahi, na maneno yako yalikuwa ng'ambo ya mto ndani ya lori bovu.

Nilichokuwa nimekuagiza nakikumbuka. Usiruke neno. Najua hukuruka. Ningekuwa na uwezo ningeivuta ile barua irudi.

Mwombe Mama msamaha kwa niaba yangu. Mwambie mimi si mtoto wa miaka mitatu tena lakini nimefanya kama yule. Sijui maneno mengine.

Sasa fanya kitu kimoja. Nenda hospitali, mtafute yule nesi wa kwanza, umwambie ukweli. Usipange maneno mengi njiani. Sema, "Nilipunguza unga." Basi. Halafu uniandikie wamesemaje. Mimi kuja siwezi. Meneja nimemwomba, kasema niliuza mwenyewe.

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Nimeenda. Nilingoja foleni iishe kabisa ndiyo nikasogea. Nesi wa kwanza alikuwepo. Nikasema, "Nilipunguza unga." Akasema unga gani? Ikabidi nieleze kuanzia mwanzo, dada, nilitokwa jasho kama nabeba kabati. Nilifikiri atanifokea. Alifunga dirisha, nikajua ndiyo basi, halafu akatokea kwa mlango wa pembeni akaja kukaa na mimi kwenye benchi. Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia sikujua kama ni kosa, nilijua ni dawa. Akasema si mimi wa kwanza, na hilo halikunisaidia.

Amesema hivi. Tarehe mpya ipo, ni mwezi wa nane, kama hakutatokea wa dharura mbele yetu. Kianzio kinalipwa upya, na kimepanda kuliko cha zamani. Wiki mbili za maziwa zitaanza upya, vijiko vitatu. Nikauliza mpaka wakati huo Mama ale nini. Akasema lazima ale, apate nguvu, maana mwili umekwisha. Lakini asile mpaka akarudisha uzito, maana ini litanenepa tena na moyo hautangoja. Nikamuuliza mpaka wa hapo uko wapi. Akasema sahani moja, ndogo. Nilimwona hata yeye hana hakika.

Nilipofika nyumbani nikamsomea Mama barua yako. Pale pa kuomba msamaha nilisoma mara mbili, ya pili kwa sababu aliniambia. Kasema, "Mwambie nimesikia." Halafu akaniuliza kama ulipaka mafuta. Nikasema hukuandika.

Nilimuuliza kwa nini aliniandikisha uongo. Alikuwa amejua tangu kikombe cha kwanza chepesi, dada. Kasema mtu aliyewanyonyesha watoto wawili atashindwa kuyajua maziwa? Alifikiri nimeishiwa, akaona akisema nitaenda kuuza godoro langu. Akanyamaza akanywa maji yale. Na kuhusu uongo kasema, "Mimi dada yako akininunia, atachoka atarudi. Akikununia wewe, na mimi siku moja nisipokuwepo, utabaki na nani?" Nilienda nje nikakaa.

Bado analala amekaa. Namsikia anavyovuta pumzi, ni kama msumeno butu kwenye mbao mbichi. Inakata, inakwama, inakata. Ikikwama na mimi nakwama.

Jana nikampikia. Viazi na nyama kidogo, mchuzi mwepesi. Ni mara ya kwanza kupika chakula humu ndani tangu tulipoanza maziwa; tangu tutoke hospitali jirani ndiye aliyekuwa anamletea uji. Nilipika vya sahani moja na vyangu. Nikamwekea mapajani. Alishika kijiko hakula, aliinamia kwanza ule mvuke. Halafu akaanza, taratibu, anatafuna kila kitu sana kama mtu anayesikiliza. Rangi ikaanza kumrudi usoni naiona. Akasema, "Chumvi umezidisha, lakini Mungu akubariki." Akacheka, nami nikacheka, na dada, nilifurahi. Nilikuwa nimesahau kabisa mwezi wa nane. Nilikumbuka baadaye, nikiwa bado nacheka.

Akamaliza. Akafuta sahani kwa kipande cha kiazi mpaka ikawa safi. Kisha akaninyooshea. Hakuomba, alinyoosha tu mkono na sahani, akanitazama.

Nilikumbuka uliponiambia nisiiname. Nilikumbuka nesi na sahani yake moja. Sufuria lilikuwa pale, kifuniko kimekaa upande, na ndani kuna sehemu yangu.

Nikampakulia.

Kimya